Black Panther: mgodi mzuri, wachimbaji wako wapi?

Niseme mapema: Black Panther ni filamu nzuri, na katika zote za mashujaa wa Marvel ndiyo niliyoirudia zaidi. Ila kuitazama ukiwa Lubumbashi, mji wa migodi wa Kongo, ni jambo la peke yake. Hadithi ya nchi iliyokalia madini yanayotamaniwa na dunia nzima sisi tuliijua kabla ya kuiona kwenye skrini.

Kwa wasioijua: ilitoka 2018, imeongozwa na Ryan Coogler, na inakwenda saa mbili na robo hivi. T'Challa, anayeigizwa na marehemu Chadwick Boseman, anarithi ufalme wa Wakanda baada ya baba yake kuuawa. Machoni pa watu Wakanda ni nchi maskini ya wafugaji. Ukipenya pazia lake unakuta treni zinazoelea, ndege zisizo na kelele, na maabara inayomponya mtu risasi ya uti wa mgongo kwa muda mfupi tu. Chanzo cha yote hayo ni vibranium, madini yaliyoletwa na kimondo. Mfalme huyu alibuniwa kwenye katuni na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1966, mwaka uleule Élisabethville ilipogeuzwa jina na kuwa Lubumbashi, na uliokwisha serikali ikipokonya Union Minière, kampuni ya Wabelgiji, migodi yake. Sadfa tu, lakini kila nikiikumbuka nacheka.

Tuliitazama mtaani Katuba, uani kwa jirani, kwa projekta na shuka jeupe ukutani, toleo la Kifaransa. Ilipofika sehemu ya mgodi ndani ya mlima, mwanga wa buluu kila upande na treni zinapita kasi, kijana mmoja aliyewahi kuchimba kobalti upande wa Kolwezi akanigeukia: «Yaya, bale benye kuchimba beko wapi?» Yaani, wale wanaochimba wako wapi?

Watu waliangua kicheko. Lakini swali lenyewe ni zito. Wakanda wana Kabila la Wachimbaji, na mzee wao anakaa barazani, mama mmoja anayeigizwa na Connie Chiume wa Afrika Kusini. Shimoni kwenyewe simwoni mtu. Hakuna vumbi, hakuna gunia mgongoni, hakuna anayekohoa. Chombo pekee cha kuchimbia ninachokikumbuka katika filamu nzima kimo ndani ya mkono wa mwizi: Ulysses Klaue amegeuza kifaa cha zamani cha mgodi wa Wakanda kuwa bunduki. Sijui kama Coogler alikusudia, ila hapo amesema kweli kuliko sehemu zote za mapigano.

Kwangu mimi, mavazi ya T'Challa yanayomeza ngumi na kumrudishia aliyepiga ni rahisi kuyaamini. Kinachonishinda ni siri. Nchi ina mlima wa madini, na kwa karne nyingi wageni hawajui! Njoo uone wa kwetu. Mlima mweusi ulio kando ya bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ni mabaki ya shaba iliyoyeyushwa tangu 1911, na hata hayo mabaki yalikuja kuchambuliwa tena kutafutwa kobalti. Shinkolobwe, karibu na Likasi, urani ilipatikana 1915. Vita vya pili vya dunia vilipowaka, ikapakiwa melini kwenda Marekani, na sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya atomiki ya 1945 ilitoka hapo. Basi nikiona Klaue anataka kumuuzia vibranium mtu wa CIA kwenye kasino ya Busan, sioni hadithi ya kubuni.

Ndiyo maana Killmonger, mpinzani wa T'Challa (Michael B. Jordan), aliteka uani pote. Pale kwenye jumba la makumbusho London anapomuuliza yule mama wa Kizungu kama mababu zake walilipa bei ya haki au walichukua tu, vijana walipiga makofi kama Mazembe wamefunga bao. Sisi jumba hilo tunalijua kwa jina lingine, Tervuren, lile la Ubelgiji lenye vitu vilivyochukuliwa Kongo. Filamu inamtengeneza mpinzani mwenye hoja, kisha inamfanya auwe mpenzi wake mwenyewe na kuchoma yale maua yanayompa mfalme nguvu zake, ili tusimfuate. Hila hiyo naiona, na sijaisamehe.

Udhaifu mkubwa uko mwishoni. Watu wawili waliovaa nyeusi wanapigana gizani kwenye reli za mgodi, na kazi ya kompyuta inaonekana waziwazi. Kwenye shuka letu hatukujua nani ni nani. Vifaru wa vita nao wangebaki zizini. Mavazi ya Ruth Carter, mandhari ya Hannah Beachler na muziki wa Ludwig Göransson vilipata Oscar, na sina ubishi. Danai Gurira, yule jenerali Okoye, ndiye aliyenifanya nisiende kununua mkate katikati ya filamu.

Ya pili, Wakanda Forever ya 2022, ni ndefu mno, lakini mwanzo wake ni mkali: malkia Ramonda anaingia kwenye kikao cha Umoja wa Mataifa huko Geneva, Ufaransa wanalalamika kwamba Wakanda hawagawi madini, naye anawaletea askari wao waliokamatwa wakijaribu kuiba. Tazama hata hiyo nusu saa ya kwanza tu.

Kwa ile ya kwanza nampa Coogler nane kwa kumi. Ukiweza, tafuta toleo la asili lenye maandishi ya Kifaransa chini, si lililotiwa sauti kama letu. Lugha ya Wakanda ni Kixhosa, lugha ya nyumbani ya John Kani anayeigiza mfalme mzee T'Chaka, na sauti yake ile haifai kufunikwa na ya mtu mwingine.