Dagaa na mapera au vidonge vya vitamini C?

Mtu anapita Mwaloni, soko la samaki pale Kirumba, Mwanza, dagaa kibao, anaenda zake famasi kununua vitamini C ya kuyeyusha kwenye maji eti anaongeza kinga. Sasa mtu mzima anahitaji kama miligramu 90 tu kwa siku, hicho kidonge mara nyingi kina 1000, inayozidi unaikojoa. Pera moja lililoiva linatosha kabisa. Dagaa ndo usiseme, unamla na kichwa na mifupa yake, unapata protini, zinki, chuma, kalsiamu, vitu ambavyo kidonge cha vitamini C hakina (ila chagua wa kwenye chanja, wa kuanikwa chini mchanga mtupu). Wajawazito lakini msiache vidonge vyenu vya kliniki. Na hata ukimeza hiyo C kila siku mafua yatakushika tu, labda yaishe mapema kidogo.