TAHADHARI: Nyumba hewa za likizo Alpujarra, Hispania. Namba ya usajili peke yake haitoshi

Kwa yeyote anayetafuta nyumba ya kupanga kwa likizo kwenye vijiji vya mlimani vya Pampaneira, Bubión na Capileira, mkoa wa Granada: usitume hata euro moja kabla hujahakikisha kwamba namba ya usajili, nyumba yenyewe na jina la akaunti vinakubaliana. Matapeli hawabuni tena nyumba. Wanachukua nyumba ya kweli iliyokarabatiwa vizuri, wanaiba picha zake zote na namba yake, kisha wanaitangaza upya kwa bei ya karibu nusu.

Tuanze na namba. Tangu tarehe 1 Julai 2025, nyumba ya kupangishwa kwa muda mfupi inayotangazwa kwenye majukwaa ya mtandaoni Hispania lazima iwe na namba ya kitaifa inayoanza na ES. Andalucía, jimbo lenye mkoa wa Granada, ina namba yake pia, inayoanza kwa mfano na VFT, VTAR au CR. Baada ya mkwaju (/) hufuata herufi za mkoa: GR ni Granada, MA ni Málaga, CA ni Cádiz. Nyumba inayodaiwa kuwa Capileira lakini ina VFT/MA si ya Capileira. Achana nayo.

Namba ikionekana sawa, bado hujamaliza, maana hata mwizi anaweza kuinakili. Iingize kwenye rejista ya utalii ya Andalucía, ambayo iko wazi mtandaoni bila malipo, uone imeandikwa kijiji gani na anwani gani. Kisha mwombe mwenye nyumba namba ya Catastro, yaani rejista ya serikali ya ardhi na majengo, yenye tarakimu na herufi 20. Mwenye nyumba wa kweli anayo kwenye ankara ya kodi ya jengo, ile IBI, na hachukui dakika tano kuituma. Tovuti ya Catastro itakupa eneo la nyumba kwenye ramani, ukubwa wake na mwaka wa ujenzi. Tangazo likisema ghorofa tatu na vyumba vinne, Catastro ikisema mita za mraba 55, mazungumzo yaishie hapo. Kama kodi ya pango ni kubwa, nunua nota simple, yaani dondoo fupi kutoka Registro de la Propiedad, ofisi ya usajili wa umiliki. Inagharimu kama euro 10 na inataja jina la mmiliki. Akaunti ya kulipia iwe na jina hilo hilo, au anayepokea awe wakala mwenye mkataba wa maandishi kutoka kwa mmiliki.

Picha nazo husema mengi kwa anayejua majengo ya huko. Nyumba za bonde la Poqueira, ambako ndiko viliko vijiji hivyo vitatu, zina paa bapa lililofunikwa udongo wa kijivu uitwao launa, juu ya mabamba ya mawe na boriti za mti wa chestinati. Mabomba ya moshi ni ya duara, yana kofia ya jiwe. Baadhi ya vichochoro hupita chini ya tinao, yaani ukumbi wenye paa unaounganisha nyumba mbili. Picha ya paa la mteremko lenye vigae vyekundu, au bwawa binafsi la kuogelea katikati ya kijiji, inapaswa kukushtua. Mara nyingi ni nyumba ya mahali pengine kabisa. Vichochoro vingi havipitiki kwa gari, kwa hiyo usitegemee ramani za picha za barabarani. Omba simu ya video: atoke mlangoni, aonyeshe namba ya nyumba na kibao cha mtaa, atembee hadi kanisani bila kukata. Atakayesema mtandao mbaya mara tatu mfululizo hana funguo.

Pesa ndipo wengi wanapopigwa. Mazungumzo huanza kwenye jukwaa, yanahamia WhatsApp, kisha inakuja linki ya "kukamilisha malipo". Soma jina lililo kabla tu ya mkwaju wa kwanza, ukiacha ile ya https:// mwanzoni. Ukiona jukwaafulani.com-reserva.info/malipo, hapo umefika com-reserva.info, si jukwaafulani.com. Haraka ndiyo silaha yao: kuna mteja mwingine, tarehe zinaisha leo jioni. Tangu tarehe 9 Oktoba 2025, benki za nchi zinazotumia euro lazima zikuonyeshe kama jina uliloandika linalingana na mwenye IBAN, yaani namba ya akaunti. Lisipolingana, usikubali hadithi ya "hiyo ni akaunti ya mke wangu". Anayetuma kutoka Dar au Nairobi hana ulinzi huo, kwa hiyo alipe kwa kadi ndani ya jukwaa lenyewe. Walioko Hispania wawe makini na Bizum, huduma ya kutumiana pesa kwa simu: tapeli anaweza kusema anakurudishia amana, kumbe amekutumia ombi la kulipa, na wewe unabonyeza kukubali.

Pasipoti ni mtego mwingine. Ni kweli kwamba tangu tarehe 2 Desemba 2024 mwenye nyumba lazima aandikishe taarifa za wageni kwa serikali. Anahitaji taarifa, si nakala. Mamlaka ya ulinzi wa data ya Hispania imesema wazi kwamba kudai nakala ni kupita kiasi. Picha ya pasipoti yako ndiyo tapeli atakayoitumia kesho kujifanya "mwenye nyumba" kwa mtu mwingine.

Wanaoomba viza ya Schengen wana hatari zaidi, kwa sababu wanahitaji uthibitisho wa malazi mapema. Mkataba wa nyumba hewa unaweza kufanya maombi yakataliwe, na ada ya euro 90 hairudishwi.

Ukishalipa na ukagundua, pigia benki simu saa hiyo hiyo uombe malipo yasimamishwe au, kama ni kadi, uyapinge. Hifadhi tangazo, meseji na IBAN kabla hawajafuta. Toa taarifa polisi ulipo. Ukiwa Hispania nenda Guardia Civil au Policía Nacional ufungue denuncia, yaani malalamiko rasmi, na kwa ushauri wa bure piga 017, namba ya msaada wa usalama mtandaoni. Baada ya hapo kuna wanaokuja kudai wanaweza kukurudishia pesa kwa ada ndogo. Hao usiwajibu.