Likizo ya Wawili Ghuba ya Napoli: Mlale Wapi?

Wengi wakipanga likizo ya wawili kwenye Ghuba ya Napoli na pwani jirani ya Amalfi, kusini mwa Italia, huanza kwa kupekua picha za vyumba. Huko ni kuanzia mkiani. Kule kinachomeza pesa na saa ni boti, kwa hiyo chagueni bandari kwanza, kitanda kitafuata. Orodha hii, kuanzia pa kwanza kwa kulala hadi pa mwisho, ni ya siku saba, watu wawili, bila gari, kati ya Mei na Oktoba.

1. Ischia

Kisiwa hiki kina takriban kilomita za mraba 46. Ukubwa huo ndio faida yake: kuna malazi ya kila bei, masoko wanakonunua wenyeji, na mabasi ya CD na CS yanayokizunguka, moja upande huu na jingine upande ule. Ni kisiwa cha volkano, na maji moto hutoka ardhini sehemu nyingi. Mnaweza kulipia siku nzima kwenye bustani za mabwawa kama Poseidon iliyoko Forio au Negombo iliyoko Lacco Ameno. Au mshuke ngazi zaidi ya 200 hadi Sorgeto, ambako maji moto hububujika kati ya mawe na kuchanganyika na ya bahari, bure kabisa. Pimeni kwa mkono kabla ya kukaa. Penye chemchemi panaunguza. Viatu vya mpira ni lazima, maana mawe yanateleza.

Mabwawa mengi ya Italia hudai kofia ya kuogelea. Mwenye rasta au misuko mirefu anunue kofia kubwa kabla ya safari, kwani za kawaida hazitamtosha.

Kosa linalowapata wengi: Ischia ina bandari zaidi ya moja. Boti ya Casamicciola au Forio haiwashushi Ischia Porto, na ukifika na masanduku usiku utaijua tofauti. Tazameni hoteli iko upande gani, ndipo mlipie boti.

2. Procida

Kilomita za mraba nne tu, mnaimaliza kwa miguu. Mwaka 2022 ilikuwa mji mkuu wa utamaduni wa Italia, lakini bado ni kisiwa cha wavuvi: pale Corricella nyavu hutandazwa chini ya nyumba za rangi ya waridi na manjano, na samaki hupikwa hatua chache kutoka zilipofungwa mashua. Vyumba ni vichache na huisha mapema. Usiku tatu zinatosha. Kwa kweli ununuzi bora kuliko wote katika orodha hii ni kuunganisha viwili hivi: usiku tatu Procida, nne Ischia, na katikati ni safari ya boti ya kama nusu saa.

3. Salerno, kisha Sorrento

Hii ni miji ya bara, si visiwa. Kama mnachotaka ni pwani ya Amalfi, laleni Salerno. Treni za kasi kutoka Roma hufika moja kwa moja, vyumba ni nafuu kuliko Positano, mji wa pwani hiyo, na katika msimu kuna boti za Amalfi na Positano. Kwa boti mnaiona miamba yote kutoka baharini, badala ya kusimama ndani ya basi lililojaa kwenye kona za barabara nyembamba. Msitarajie kuogelea kwa raha mjini Salerno kwenyewe.

Sorrento ni pazuri zaidi kwa macho, ila mji umekaa juu ya jabali na ufukwe ni haba. Watu huogelea kutoka kwenye majukwaa yaliyojengwa juu ya maji. Treni ya Circumvesuviana kutoka Napoli huchukua zaidi kidogo ya saa moja na hujaa sana. Pochi iwe mbele.

4. Positano

Mnalipia mandhari, na ngazi. Kabla ya kulipa, muulizeni mwenye nyumba kwa maandishi: kutoka barabarani hadi mlangoni ni ngazi ngapi, na nani hubeba mizigo?

5. Capri

Capri, nayo ni kisiwa, ni ya mwisho kwa kulala tu. Kwa siku moja inafaa: shikeni boti ya kwanza asubuhi, pandeni kiti cha waya kutoka Anacapri hadi Monte Solaro, mita 589, kabla makundi hayajafika. Pango la Buluu msililipie mapema. Mdomo wake una kimo cha kama mita moja, na mawimbi yakiinuka kidogo tu hufungwa.

Ufukwe na maji

Aliyezoea Mombasa au Unguja atashangaa kwamba bahari hii karibu haipwi wala kujaa. Mkikuta maji asubuhi, jioni yapo palepale. Mchanga mara nyingi ni mweusi, au ni kokoto. Agosti maji hufika nyuzi 25 au 26, lakini Mei ni kama 19, baridi ya kumkimbiza mtu wa Tanga. Juni na Septemba ndiyo miezi ya kununua. Wiki ya tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Ferragosto, Waitalia wenyewe wako ufukweni, bei hupaa.

Penye miavuli ya kampuni, mnalipa kwa seti: mwavuli mmoja na vitanda viwili. Safu ya mbele huwa ghali zaidi. Kibao cha "spiaggia libera" maana yake ni ufukwe wa bure.

Viza

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza ya Schengen, hata kama ana kibali cha kuishi Uingereza. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita hadi siku 15 kabla ya safari. Mpaka viza itoke, wekeni vyumba vinavyoruhusu kughairi bila gharama.

Boti

Boti za kasi huondoka Napoli kwenye gati la Molo Beverello. Feri kubwa huondoka Calata Porta di Massa. Ni magati mawili tofauti, na kutembea na masanduku kutoka moja hadi jingine ni kazi. Boti ya kasi hufika Ischia kwa kama saa moja, feri kama saa moja na nusu. Upepo ukivuma, za kasi ndizo husimama kwanza, feri huendelea. Kwa hiyo siku ya kurudi kateni tiketi ya feri, na kama ndege ni ya asubuhi, usiku wa mwisho laleni Napoli. Basi la Alibus huunganisha bandari, stesheni kuu na uwanja wa ndege.