Datsun 240Z ya Mjomba Naiuza na Kutu Yake: Itazame Kwanza Ndipo Uulize Bei ya Mwisho

Assalaam aleikum, karibuni tena jamani. Usiondoke, maana leo sikuazima gari la mtu, leo nimekuja na gari la nyumbani. Hili hapa nyuma yangu, lililojaa vumbi na mavi ya kunguru kwenye boneti, ni Datsun 240Z ya mwaka 1972. Lilikuwa la marehemu mjomba wangu, Mungu amrehemu. Limelala chini ya mwembe huu hapa Mombasa miaka 19. Familia imekubaliana liuzwe, na kazi ya kuliuza mtandaoni nimepewa mimi. Jumatatu nikaweka picha 6. Hadi leo asubuhi nina jumbe zaidi ya 200, na nyingi zimeandikwa maneno mawili tu: "Bei mwisho?"

Ndugu zangu, bei mwisho ya nini? Hujauliza kama injini imo. Hujauliza kama lina makaratasi. Hujauliza hata linalalia magurudumu au mawe! Linalalia magurudumu, lakini ungeuliza. Hilo limenichoma sana, ndiyo maana nimewasha kamera.

Injini silinda 6, lita 2.4, kabureta mbili, breki za diski mbele na dramu nyuma, hayo mnayajua. Tusonge.

Mimi nataka muione kutu. Kijana wangu wa kamera, njoo karibu, karibu zaidi. Nina sumaku hapa, nimeitoa kwenye spika iliyokufa. Naifunga kwa kitambaa ili isikwaruze rangi. Naiweka juu ya mlango... imenata. Nashuka nayo taratibu. Imenata. Imenata. Sasa naileta huku chini, hapa mbele ya gurudumu la nyuma... imeanguka! Mmeona? Narudia, asije mtu akasema nimeiachia. Inashika, inashika, inashika... hiyo, chini. Sumaku haidanganyi. Hapa hakuna bati, hapa pana puti, lile rojo la kuzibia matundu ya bodi. Fundi mmoja zamani alimpakia mjomba rangi nzuri ya kung'aa, na chini yake akaziba tobo. Ngoja nibandue kidogo kwa bisibisi. Aa! Kamera, lete hapa. Gazeti. Amekunja gazeti akalishindilia ndani ya bodi, halafu akapaka puti juu yake. Herufi bado zinasomeka, hii hapa ni habari ya bei ya sukari. Kila mvua ikinyesha gazeti linanyonya maji, linakaa na unyevu wiki nzima, bati linaliwa kutoka ndani. Huku pwani hewa yenyewe ina chumvi, sasa umeongeza sponji ndani ya bodi!

Na hapo bado hatujaingia chini. Nimeliinua kwa jeki na kuweka stendi 4. Naomba sana, usiingize kichwa chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Haya. Gari hili si kama lori lenye chesisi yake na bodi imekalishwa juu. Hapa bodi yenyewe ndiyo chesisi, na nguvu ya sakafu inatoka kwa mihimili hii miwili, ambayo ni bati jembamba tu lililokunjwa na kuchomelewa. Nasukuma bisibisi kwenye mhimili wa kwanza. Ngumu. Tena. Ngumu, alhamdulillahi. Sasa ule wa upande wa betri... sikilizeni. Krrsh. Imezama mpaka mpini. Betri ya gari hili inakaa kwenye sahani yake mle ndani ya boneti, na betri za zamani zikivuja asidi, asidi inateremka kwenye bati na kula kila inapopita. Anayenunua Z yoyote duniani, yaani Datsun za aina hii, aanzie hapo, rangi aitazame mwisho.

Mtaniuliza, wewe unauza, mbona unalichafua gari lako? Sikilizeni. Miaka miwili iliyopita nilimsaidia jirani kuuza gari lake kwa picha nzuri tupu, nimeliosha, nimelipiga picha jioni jua likizama. Mnunuzi akasafiri kutoka Eldoret usiku kucha. Akafika, akachuchumaa na tochi yake, akainuka akakata bei shilingi 400,000, na hatukuwa na la kumjibu. Sifanyi hivyo tena. Atakayelinunua hili huenda yuko Leeds kule Uingereza au Perth kule Australia, wao pia wanaendesha upande wetu, na hawezi kuja kuligonga kwa kidole. Kwa hiyo naweka picha 80, na 30 kati ya hizo ni za kutu. Kila tobo nimeliwekea rula pembeni lionekane ukubwa wake.

Sasa njooni kwenye utamu. Hapa ukutani, nyuma ya injini, palikuwa peusi kabisa. Nasugua kwa brashi na mafuta ya taa... polepole... iko! HS30! Imegongwa kwenye bati lenyewe. Hiyo ndiyo alama ya Z zilizotoka Japani kwenda nje zikiwa na usukani wa kulia. Tarakimu zinazofuata nimezifunika kwa mkono, nanyi mkipiga picha fanyeni hivyohivyo, maana kuna watu wanaokota nambari mitandaoni wakatengenezee gari jingine makaratasi. Mnunuzi wa kweli mpe faragha. Na hapa ubavuni mwa injini imeandikwa L24, na nambari yake inalingana na ile ya kibati kilichopigiliwa humu ndani. Inalingana! Z nyingi zilishavuliwa injini, zikawekwa ile ya lita 2.8. Hii ina moyo wake wa kuzaliwa nao. Nilipoiona jana usiku nilimpigia mama simu nikamwamsha.

Mjomba aliitaka gari hii kwa sababu ya Safari Rally, yale mashindano ya magari ya huku kwetu. Wadogo hapa hamjui, mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa 240Z, na ya pili ilikuwa 240Z nyingine ya Shekhar Mehta. Mwaka 1972 Hannu Mikkola akashinda kwa Ford Escort. Mwaka 1973 Mehta, mtoto wa Uganda, akarudi na 240Z, akafungana pointi na Harry Källström aliyekuwa na Datsun pia, na Mehta akapewa ushindi. Mjomba alikuwa kijana, alisimama kando ya barabara na matope magotini, akaisikia ile silinda 6 ikija kabla hajaiona. Akaweka akiba miaka mingi mpaka akaipata hii mkono wa pili.

Kuna mtu ameniandikia eti kwa hela ya gari kama hili bora atafute Porsche 911, kwa sababu ndizo anaziona zimejaa kwenye Safari Classic, yale mashindano ya magari ya zamani. Porsche ni gari zuri, sibishi. Lakini katika Safari ile yenyewe 911 haikuwahi kushinda, ilikuwa ya pili mwaka 1974 na ya pili tena 1978. Mwingine anasema MGB, lile gari dogo la michezo la Kiingereza. Huyo ana hoja, maana Uingereza wanakutengenezea bodi nzima mpya ya MGB ukaanza upya. Kwa Z, huku kwetu utaagiza sakafu na mihimili vipandevipande kutoka Marekani, halafu umtafute fundi anayejua kuchomelea bati jembamba bila kulipinda. Nakubali, kwa wepesi wa kufufua, MGB inanishinda. Ila kaa ndani ya hii, tazama lile boneti lilivyo refu mbele yako, uniambie.

Kabla ya bei, habari ya chaneli kidogo. Video sasa zitatoka Ijumaa jioni badala ya Jumapili, na ile ya Peugeot 504 niliyowaahidi ipo, inakuja. Kama hujajiunga, jiunge, na ubonyeze kengele.

Bei. Wengi mmenitumia ile habari ya 240Z iliyouzwa dola 310,000 kwenye mnada wa mtandaoni wa Bring a Trailer, Januari 2020. Ni kweli iliuzwa. Lakini lile lilikuwa gari lililotunzwa, halijaguswa na kutu, lina kila kitu chake. Hili lina gazeti ubavuni. Nilipoanza kurekodi nilikuwa na milioni 2 kichwani. Baada ya ile krrsh, naandika shilingi milioni 1.6.

Makaratasi yapo. Logibuku, kile kitabu cha umiliki, ni ya jina la mjomba, mirathi tumeimaliza kwa Kadhi, warithi wote wametia saini, na uhamisho wa umiliki utafanyika kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya, mimi na mnunuzi tukiwa pamoja. Fomu iliyotiwa saini na kuachwa wazi simpi mtu yeyote. Na yule aliyeniandikia kwamba yuko Uholanzi, hana haja ya kuliona gari, atatuma hundi yenye hela nyingi kuliko bei ili kilichozidi nimlipe wakala wake wa meli: huo ni wizi. Hundi inarudi baada ya wiki, na wewe umeshamtumia wakala hela zako halisi. Ukipata ujumbe wa namna hiyo, funga. Mimi gari linaondoka hapa benki ikinithibitishia kwamba pesa zimeingia na hazirudi.

La mwisho, na hili sijalifanya bado, nalifanya mbele yenu. Siku 5 zilizopita nilitoa plagi zote 6, nikamimina mafuta mepesi kwenye kila silinda, nikayaacha yanywe. Injini iliyokaa miaka 19 karibu na bahari inaweza kuwa imeganda pistoni. Ikiwa imeganda, ile bei naishusha hapahapa. Naweka spana kwenye nati ya kranki. Bismillahi. Navuta... haitaki. Navuta tena, pole pole, sitaki kuvunja kitu... ngoja... imesogea! Imesogea, wallahi! Kamera, lete kwenye puli, tazameni alama ile nyeupe. Inazunguka! Robo... nusu... mzunguko mzima! Sikieni inavyopumua kwenye matundu ya plagi. Ee mjomba!

Milioni 1.6, jamani. Hiyo ndiyo bei ya mwisho.