Riba ya moja kwa moja au ya salio linalopungua?

Wakopeshaji wawili wanakupa shilingi 1,200,000 za kurejesha kwa miezi 12, na wote wanatangaza riba ya asilimia 24 kwa mwaka.

Wa kwanza anapiga hesabu ya moja kwa moja: asilimia 24 ya mkopo wote, yaani 288,000. Kila mwezi unalipa 124,000. Mwezi wa mwisho deni limebaki laki moja tu, lakini bado unatozwa riba kana kwamba milioni yote na ushee iko mfukoni mwako!

Wa pili anatoza asilimia 2 kwa mwezi juu ya salio, yaani deni lililobaki. Mwezi wa kwanza riba ni 24,000, wa pili 22,000, hadi 2,000 mwezi wa 12, ukirejesha laki moja ya mkopo wenyewe kila mwezi. Jumla 156,000. Ugumu wake ni marejesho ya mwanzo, 124,000 na 122,000, ambayo hayana nafuu kubwa.

Kwa kikundi kinachoweka hesabu kwenye daftari, njia ya kwanza ni rahisi, sikatai. Kwa mkopo wa benki ningechukua ya pili bila kusita, hasa nikitarajia kumaliza deni mapema.