Uzoefu wangu: kusoma ubunifu wa bidhaa chuo cha ufundi, Dar es Salaam

Nimesoma ubunifu wa bidhaa, kutwa, katika chuo cha ufundi stadi hapa Dar. Jina la chuo naliacha makusudi, kwa sababu kasoro nyingi nitakazozitaja nimezisikia pia kwa waliosoma kwingine. Alama zangu ni hizi: karakana nyota nne kati ya tano, uchoraji wa kompyuta tatu, somo la gharama na bei moja, tena hiyo moja ni kwa huruma. Anayetaka kutengeneza kitu kikashikika na kikauzwa, aende. Anayetaka kuchora picha za kupendeza tu atachoka mapema.

Kozi za namna hii hubeba majina tofauti, lakini zote hukaa katikati ya useremala, uchomeleaji na uchoraji wa kiufundi. Ufundishaji ni wa umahiri: hupewi alama kwa kueleza kiungo cha ulimi na tundu, unakitengeneza mbele ya mpimaji na yeye anapitisha kalipa, kile kifaa cha kupimia unene. Tuzo za ufundi stadi, NVA (National Vocational Award), zina ngazi tatu, I hadi III. Kabla ya kulipa hata shilingi, hakikisha chuo kimesajiliwa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, na uliza fani yenyewe imesajiliwa kwa jina gani na kwa ngazi ipi. Kuna vyuo vyenye usajili halali wa useremala ambavyo kwenye bango vimeandika "ubunifu" kwa herufi kubwa. Cheti kitatoka na jina la usajili, si la bango.

Mtiririko wa kila mradi ni uleule: maelezo ya kazi, kupima watumiaji, michoro ya mkono, modeli ya boksi, mchoro wa vipimo, mfano wa kwanza (yaani bidhaa ya kujaribia), majaribio, mfano wa pili. Modeli ya boksi hutengenezwa kwanza kwa skeli ya 1:5, yaani moja ya tano ya ukubwa, halafu kwa ukubwa wa kweli. Wengi huiruka hiyo ya pili kwa kuona ni mchezo wa watoto, na hapo ndipo stuli inakuja kugonga magoti. Boksi la friji linapatikana bure dukani na linakuonyesha kosa la kimo kabla hujakata chuma cha watu.

Mradi wa stuli ya chuma na plaiwudi ndio uliofundishwa vizuri kuliko yote, na ukitaka kujua kozi inakupa nini, utazame huo. Kimo cha kukalia kinatakiwa kiwe kati ya mm 430 na 450. Miguu ni skwea paipu ya mm 25 kwa 25, urefu mm 420, juu yake plaiwudi ya mm 18, chini kofia za mpira za mm 4 hivi: jumla mm 442. Fremu ya juu ina kipimo cha nje cha mm 400 kwa 300, hivyo vipande vinavyoingia kati ya miguu ni viwili vya mm 350 na viwili vya mm 250. Stuli moja basi inakula mm 1,680 za miguu na mm 1,200 za fremu, yaani mm 2,880. Mbili ni mm 5,760. Kwenye karatasi, paipu moja ya mita 6 inatoa stuli mbili na chenji inabaki.

Sasa nenda dukani na futi yako. Paipu nyingi zinazoingia kwa kontena ni za mita 5.8, kwa sababu kontena la futi 20 kwa ndani halifiki mita 6, hata kama muuzaji anaziita "za mita sita" bila kupepesa macho. Diski ya inchi 14 ya mashine ya kukatia inakula karibu mm 3 kila mkato. Vipande 16 vinahitaji angalau mikato 15, yaani mm 45. Jumla mm 5,805, na paipu ina mm 5,800. Umepungukiwa mm 5 kwenye mguu wa mwisho, na oda ya stuli 40 uliyoipigia hesabu ya paipu 20 imeshakula paipu za ziada ambazo hazimo kwenye bei uliyompa mteja. Tiba ni mbili: punguza mguu uwe mm 418, au tumia diski nyembamba kwa grainda na ukubali mikato isiyonyooka sana. Mimi napunguza mguu.

Plaiwudi nayo ina mtego wa aina hiyohiyo. Karatasi ni mm 2,440 kwa 1,220. Mwanafunzi anagawanya 1,220 kwa nne, anapata 305, anachora kikalio cha mm 305. Msumeno unakula mm 3 mara tatu, kwa hiyo kipande halisi hakiwezi kuzidi mm 302.75. Kikalio cha mm 400 kwa 300 kinakaa vizuri: sita kwa urefu, vinne kwa upana, vikalio 24 kwa karatasi moja, na unabakiwa na mm 11 upande mmoja na mm 25 upande mwingine. Mwalimu mzuri anakulazimisha uchore mpango wa kukata kabla ya kuchora bidhaa yenyewe. Wengine hawafanyi hivyo, na ubunifu wao unaishia kutupa theluthi ya karatasi.

Kuchomelea kulifundishwa kwa ukali unaostahili. Paipu yenye ukuta wa mm 1.2 ukiichomelea kwa kijiti cha mm 2.5 inatoboka. Kijiti cha mm 2.0, aina ya E6013, kwa ampea 40 hadi 60 kinafaa zaidi, la sivyo panda kwenye ukuta wa mm 1.5. Vijiti vilivyolala kwenye unyevu huacha vitundu kwenye mshono, na Dar unyevu haukosekani, kwa hiyo vitunze kwenye kopo lenye kifuniko. Fremu hupigwa pointi (vishono vidogo vya kushikiza) kona zote nne kwanza, kisha unapima ulalo, kutoka kona hadi kona ya mkabala: fremu ya mm 400 kwa 300 ulalo wake ni mm 500 kamili pande zote mbili. Ukikuta 498 na 502, gonga sasa, kabla ya mshono. Mshono ukipoa unasinyaa na kuuvuta mguu kuelekea ulikochomelea, ndiyo maana unachomelea kona zinazotazamana kwa zamu, mshono mfupimfupi, na huitoi fremu kwenye jigi, kile kishikizo chake, mpaka ipoe. Stuli inayocheza mguu mmoja karibu kila mara imetolewa ikiwa moto.

Tundu za bolti ni eneo ambalo wahitimu wengi bado wanalikosea. Bolti ya M6 haipitishwi kwenye tundu la mm 6. Tundu la kawaida ni mm 6.6, na kwa M8 ni mm 9. Ukichora mm 6 juu ya 6, rangi ikishapakwa hakuna kinachoingia, na fundi atapanua kwa keekee juu ya rangi yako mpya.

Kwa upande wa mbao, karakana ilikuwa na randa na patasi za kutosha, mashine ya kupigia randa moja ya zamani lakini yenye visu vikali, na mbao za paini kwa wingi. Kasoro yake: mbao zilikuja mbichi. Paini inayoshuka kutoka Mafinga mara nyingi inafika Dar bado ina maji, wakati mwingine na madoa ya bluu ya kuvu. Ubao wenye upana wa mm 200 ukishuka kutoka unyevu wa asilimia 28 hivi hadi 14 unaweza kusinyaa mm 5 hadi 7 kwa upana, ilhali kwa urefu hausogei kwa kiasi cha kukusumbua. Ukiufunga kwa skrubu kwenye fremu ya chuma isiyosogea, utapasuka. Dawa ni tundu refu kwenye chuma, skrubu yenye washa, na ubao uachiwe upumue. Kipima unyevu kilikuwepo, ila betri haikuwemo. Mtu akikuonyesha karakana, muombe akiwashe.

Kompyuta. Tulitumia programu za kuchorea: FreeCAD, ambayo ni bure, na Fusion ya Autodesk kwa leseni ya wanafunzi inayohuishwa kila mwaka. Laptopu yenye RAM ya GB 8 inasukuma kazi za kozi hii, GB 16 ndiyo inakuacha na amani. Fusion inadai bando. Kama intaneti ya chuo inasuasua, anza na FreeCAD. Mafundisho ya programu yalikuwa mazuri. Pengo lilikuwa kwenye mchoro wenyewe. Michoro yetu ya shule hufuata projeksheni ya pembe ya kwanza, utaratibu wa kupanga sura za kitu kwenye karatasi, ambapo sura ya upande wa kulia huchorwa kushoto. Programu nyingi, usipobadilisha mpangilio, zinaweza kukutolea pembe ya tatu, ambapo sura ya kulia inakaa kulia. Alama ya koni iliyokatwa pembeni mwa karatasi ndiyo inayotofautisha, na mafundi wengi wa mtaa wa Gerezani hapa Dar hawaitazami. Matokeo yake ni mpini uliochomelewa upande usio wake, na kila mtu ana hakika kuwa amefuata mchoro. Mchoro unaokwenda mtaani uambatanishe na picha ya pande tatu (3D) yenye neno "KULIA" limeandikwa juu yake. Haipendezi kitaaluma, lakini inaokoa chuma.

Printa ya pande tatu ndiyo inayopigwa picha kwenye matangazo, kwa hiyo niiseme kwa haki: ni msaada kwa mifano midogo, vifungo, vishikio, kona za droo. Plastiki ya PLA inachapwa kwa nyuzi joto 200 hadi 220 na kitanda nyuzi 60, tabaka la mm 0.2, ujazo wa ndani asilimia 15 hadi 20. Tundu hutoka dogo kuliko lilivyochorwa kwa mm 0.2 hadi 0.4, basi liongeze kwenye mchoro. PLA hulegea karibu na nyuzi 60, na mfano ukiachwa juu ya dashibodi kwenye gari lililoegeshwa juani unakuta umeinama. Kwa kitu kitakachokaa juani tumia plastiki ya PETG, nyuzi 230 hadi 250, kitanda 70 hadi 80. Uzi wa plastiki ukinyonya unyevu unasikika ukipasukapasuka puani mwa printa na uso unatoka na manyoya. Hifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko na vipakiti vya silika. Umeme ukikatika saa ya tano ya kazi ya saa sita, unaweza kupoteza yote, kama printa haina betri ya akiba. Kwetu haikuwa nayo.

Nyota moja ya gharama nimeitoa kwa sababu hii: tulifundishwa kuorodhesha malighafi, basi. Hakuna aliyetudai saa za kazi, umeme, diski, rangi, usafiri wa bajaji, wala bidhaa zinazoharibika. Mhitimu anatoka anajua stuli inakula chuma kiasi gani na hajui aiuze bei gani. Keko, mtaa wa samani hapa Dar, wapo mafundi wasiojua kuchora kabisa ambao watakupigia bei ya kabati kwa kichwa, na faida imo ndani. Mimi ningeomba chuo kipeleke darasa pale likae na hao watu, na somo la nadharia ya rangi lipunguzwe.

Haki za ubunifu zilipitiwa juujuu. Ulichotakiwa kuambiwa ni kwamba alama ya biashara husajiliwa kwa wakala wa usajili wa biashara, kwa Bara BRELA na kwa Zanzibar BPRA, na kwamba Tanzania imo kwenye Itifaki ya Harare ya ARIPO, shirika la kanda ya Afrika la haki za ubunifu, inayohusu hataza (patent) na michoro ya viwandani, yaani sura ya nje ya bidhaa. Kuweka picha ya bidhaa mpya Instagram kabla ya kuomba ulinzi kunaweza kukunyima sifa ya upya, kwa kuwa bidhaa imeshaonekana hadharani. Wanafunzi wengi huweka picha siku ya mfano wa kwanza.

Ukienda kutembelea chuo, nenda katikati ya wiki, saa nne asubuhi, usisubiri siku ya maonyesho. Tazama pipa la mabaki. Mabaki mengi ya boksi, vipande vya paipu na plaiwudi iliyokatwa vibaya maana yake wanafunzi wanarudia kazi. Sakafu inayong'aa na mashine zenye plastiki ya dukani ni dalili ya karakana ya wageni. Hesabu wanafunzi kwa jiliwa (vaisi) moja: watatu unavumilia, wanane utasoma kwa macho. Uliza pia malighafi ya mfano wa pili inalipwa na nani. Ada iliyotangazwa mara nyingi inafika mfano wa kwanza tu, na ule wa pili, ambao ndio wenye mafunzo, unatoka mfukoni mwako. Nunua mwenyewe kalipa ya mm 150, futi ya chuma ya mm 300, skwea ya kupimia pembe, miwani ya usalama na viatu vya kazi vyenye chuma mbele. Kalipa za chuo zimeanguka chini mara nyingi mno.