Kukodi seva nzima ukiwa Mtwara: kikomo kipi cha data uchukue, dhamana ipi uidai

Tarehe 22 Oktoba, saa nne asubuhi, siku ya mnada wa korosho, karani wa chama kimoja cha msingi cha wakulima alinipigia simu akiwa ghalani. "Kaka, namba hazifunguki. Wakulima wamejaa mlangoni, kila mtu anataka kuona uzito wake kabla mnada haujaanza." Nikafungua kompyuta ofisini Chikongola. Seva, yaani kompyuta ya mbali inayobeba mfumo wao, ilikuwa hai, prosesa imetulia, diski ina nafasi tele. Kilichoziba ni njia.

Mashine ile tuliikodi na kifurushi cha terabaiti 5 kwa mwezi. Bakapu nilikuwa nimeipanga kila baada ya saa sita, nakala nzima ya gigabaiti 60, iende kwenye mashine nyingine. Mara nne kwa siku ni GB 240. Piga hesabu: tarehe 21 jioni TB 5, yaani GB 5,000, zilikuwa zimekwisha, na mtoa huduma akashusha spidi hadi megabiti 1 kwa sekunde, kama mkataba ulivyosema kwenye ukurasa ambao sikuusoma vizuri. Balaa kubwa zaidi ni kwamba bakapu haikujua kama spidi imeshuka. Iliendelea kusukuma GB 60 zake kwenye njia ya megabiti 1, kazi ambayo ingechukua siku tano na nusu, na kurasa za wakulima zikawa nyuma yake kwenye foleni. Niliisimamisha bakapu, namba zikafunguka ndani ya dakika moja.

Tangu siku hiyo, mtu akiniomba ushauri wa kukodi seva nzima, yaani mashine yake peke yake asiyogawana na wateja wengine, habari za prosesa na ramu naziweka mwisho. Namuuliza kwanza: siku ukipitiliza kikomo, utafanywa nini? Na siku mashine ikizima usiku, nani analazimika kuamka?

Pima mahitaji yako kabla ya kusikiliza bei

Wauzaji hutaja vipimo viwili, na wanunuzi wengi huvichanganya. Spidi ya njia hupimwa kwa megabiti kwa sekunde (Mbps). Ukubwa wa mzigo hupimwa kwa baiti: GB na TB. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo poti (tundu la seva la kuingilia mtandaoni) ya Mbps 100 inapitisha megabaiti 12.5 kwa sekunde, si 100. Na hesabu moja ya kukariri: njia ya Mbps 1 ikijaa mchana na usiku kwa siku 30 hupitisha GB 324. Mbps 100 ni TB 32.4. Kwa hesabu hiyo unaweza kugeuza ofa ya mtu yeyote kuwa ofa ya mwingine, ukazilinganisha.

Sasa tazama kazi zetu za huku. Mfumo wa uzito na malipo ya korosho: ukurasa wa kilobaiti 300, ukifunguliwa mara 4,000 ndani ya saa moja ya asubuhi ya mnada, unahitaji chini ya Mbps 3. Ni kidogo mno. Redio inayorusha matangazo mtandaoni kwa kilobiti 64, ikiwa na wasikilizaji 500 kwa pamoja, inakula Mbps 32. Wakikaa usiku na mchana mwezi mzima ni kama TB 10.4. Chuo chenye wanafunzi 300 wanaotazama video ya somo kwa wakati mmoja, kila mmoja megabiti 1, kinahitaji Mbps 300 na GB 135 kwa saa.

Ndiyo maana nasema bila kusita: wateja wengi wa Mtwara na Lindi hununua njia pana kuliko haja yao, kisha wanabana pesa kwenye dhamana, yaani ahadi ya mkataba kwamba mashine itapatikana na ikiharibika itarekebishwa kwa wakati. Ukiacha video na redio, Mbps 20 za uhakika zinakutosha. Pesa inayobaki ipeleke kwenye dhamana.

Aina za vikomo, kuanzia niipendayo zaidi

*Ya kwanza: poti ya spidi maalumu, trafiki (data inayopita) haihesabiwi.* Unalipia njia ya Mbps 20, 50 au 100, na unaitumia upendavyo. Bili haibadiliki, na haipo siku ya mwezi ambayo bando linakatika. Uliza jambo moja tu: hiyo spidi ni ya uhakika, au ni upana wa poti tu? Mfano, Hetzner ya Ujerumani kwa seva zake za kawaida za poti ya gigabiti 1 haihesabu trafiki, na bei yake ni vigumu kuishinda. Lakini gigabiti 1 hiyo ni upana wa poti, haina maana kwamba umewekewa gigabiti nzima pembeni. Ukichukua poti ya gigabiti 10, wanaanza kukutoza baada ya TB 20. Hapa nchini poti zitakuwa nyembamba zaidi kwa pesa ileile, ila waweza kuandikiwa kiasi cha uhakika, na hicho ndicho unachokitafuta.

*Ya pili: kifurushi ambacho kikiisha spidi inashuka.* Ndicho kilichonikuta, na bado nakiweka cha pili, kwa sababu hakikuletei deni. Kila kitu kinategemea spidi inashuka hadi ngapi. Ikishuka hadi Mbps 10, mfumo wa korosho hautajua kama kuna jambo limetokea. Ikishuka hadi 1, umefunga duka. Uliza pia wanahesabu nini: data inayotoka tu, inayotoka na kuingia zikijumlishwa, au upande ulio mkubwa kati ya hizo mbili. Na uliza kama trafiki kati ya mashine zako mbili ndani ya kituo kilekile cha seva inahesabiwa. Kama haihesabiwi, bakapu ibaki humo humo, halafu nakala moja tu kwa siku itoke nje, tena ya mabadiliko, si nakala nzima.

*Ya tatu: kulipia kilele, kwa hesabu ya asilimia 95.* Hii watu huiogopa kwa kutoielewa, nami nataka nikae nayo kidogo maana kwa msimu wetu inaweza kuwa ya kwanza. Mtoa huduma hupima spidi yako kila dakika tano. Mwezi wa siku 30 una vipimo 8,640. Vinapangwa kuanzia kikubwa hadi kidogo, vya juu 432 vinatupwa, na kinachofuata ndicho unacholipia. Vipimo 432 ni saa 36. Kwa maneno mengine, una saa 36 kila mwezi za kutumia njia yote bila kulipishwa.

Chukua mfumo unaofurika siku mbili kwa wiki, saa tatu kila siku, kwa ajili ya minada. Mwezi mzima ni kama saa 26. Zote zinaangukia kwenye zile zinazotupwa, na unalipia utulivu wa siku nyingine. Lakini chukua tovuti ya shule inayoweka matokeo, ikafurika siku mbili mfululizo usiku na mchana: saa 48. Umevuka 36, na mwezi mzima unalipishwa kwa bei ya kilele. Mkataba huu uchukue kama una grafu ya matumizi ya msimu uliopita mkononi. Kama huna, uache.

*Ya nne: kifurushi chenye malipo ya ziada kwa kila GB au TB.* Bei ya mwanzo huvutia. Tatizo ni kwamba anayeamua ukubwa wa bili yako anaweza kuwa mtu usiyemjua: roboti linalonakili picha zako zote, au shambulio la kufurisha seva kwa maombi ya uongo. Ukilazimika kuchukua, dai kikomo cha bili kiandikwe kwenye mkataba, na ujumbe wa tahadhari uje kwenye asilimia 50 na 80.

*Ya mwisho: "bila kikomo" yenye sharti la matumizi ya kawaida.* Kama neno "kawaida" halikuwekewa namba, usisaini. Utakuwa unatumia poti moja na jirani usiyemwona, na siku wote mtakapoihitaji, atakayeambiwa amepitiliza hujui ni nani.

Dhamana: soma saa inaanza kuhesabu lini

Kila ofa ina asilimia ya muda ambao mashine itapatikana. Igeuze iwe dakika. Kwa mwezi wa siku 30, 99% inaruhusu mashine isipatikane saa 7 na dakika 12, 99.5% saa 3 na dakika 36, 99.9% dakika 43, 99.99% dakika 4 na sekunde chache. Kisha tazama inahesabiwa kwa mwezi au kwa mwaka. Dhamana ya 99.9% kwa mwaka inampa mtoa huduma karibu saa 8 na dakika 46, na zinaweza kuisha zote siku moja ya mnada bila yeye kuvunja ahadi.

Halafu: asilimia hiyo ni ya nini? Mara nyingi ni ya umeme na mtandao wa ndani ya kituo. Diski yako ikifa, kituo kinaendelea kuwa na 99.9% yake huku wewe umelala chini. Kwa aliyekodi seva nzima, mstari muhimu kuliko wote ni muda wa kubadilisha kifaa kilichoharibika. Hapo tofautisha "kujibu ndani ya saa 1" na "kurekebisha ndani ya saa 4". Kujibu ni barua pepe ya "tumepokea ombi lako". Tena saa nne hizo, zinahesabiwa tangu ulipotoa taarifa, au tangu fundi alipothibitisha kwamba kweli diski imekufa? Na usiku na Jumapili zinahesabiwa? Nimewahi kusoma mkataba ulioahidi saa nne za kazi. Diski ikifa Ijumaa saa kumi jioni, saa hizo nne zinakwisha Jumatatu.

Fidia nayo isikulevye. Kwa kawaida ni asilimia ya kodi ya mwezi, hukatwa kwenye bili ijayo, na lazima uiombe mwenyewe ndani ya siku zilizotajwa. Wakulima waliorudi nyumbani bila kuona namba zao hawamo kwenye hesabu hiyo. Mimi ningesamehe fidia yote nikipewa sharti moja: diski ya akiba iwe imeshawekwa kwenye mashine tangu siku ya kwanza, na diski mbili zinakiliana. Ni gharama ndogo kila mwezi, na inageuza dharura ya usiku kuwa kazi ya kesho.

Mwisho kwenye dhamana ni mpaka wake. Unaishia kwenye mlango wa mtandao wa mtoa huduma. Jumapili ya 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini, intaneti ikayumba nchi nzima. Seva zilizokuwa Ulaya hazikuzima hata sekunde moja, na kwa vitabu vya wenye nazo dhamana ilitimia. Kutoka Mtwara hazikufikika inavyotakiwa.

Basi ikae wapi?

Kama watumiaji wako wako Tanzania, Dar es Salaam, kwenye kituo kilichounganishwa na TIX, ambako kampuni za intaneti za nchini hubadilishana trafiki moja kwa moja. Waya wa baharini ukikatika, simu ya mkulima wa Tandahimba bado ina njia ya nchi kavu ya kufika Dar. Na mwendo ni mfupi: data husafiri kwenye faiba kama kilomita 200 kwa milisekunde, hivyo kwenda na kurudi Ulaya kwa njia ya bahari kwa kawaida huzidi milisekunde 100, wakati Dar ni milisekunde chache. Tangu kanuni za 2025 za matumizi ya fedha za kigeni, bei za ndani huandikwa kwa shilingi, nafuu kwa chama kinachopanga bajeti mara moja kwa mwaka. Kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023: majina, simu na akaunti za wakulima kupelekwa nje ya nchi kuna masharti yake.

Ulaya nakushauri kwa bakapu zilizofungwa kwa nywila, na kwa video za watazamaji walio nje.

Kununua mashine na kuiweka ofisini Mtwara nakiweka cha mwisho kabisa, ingawa moyo unapenda. Siku chache kabla ya nyaya zile kukatika, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Kilwa pale Somanga, magari ya Dar yakasimama. Kifaa cha kugawa umeme ndani ya seva yako kikifa siku kama hiyo, cha kubadilisha kitatoka wapi?

Kabla ya kulipa

Omba anwani ya majaribio ya kituo hicho, kisha pakua faili kubwa kutoka Mtwara, kwa laini yako, saa mbili usiku watu wote wakiwa mtandaoni. Rudia asubuhi. Fungua ombi la msaada Jumamosi usiku, swali dogo tu, uone linajibiwa saa ngapi na nani. Majibu ya maswali yote ya hapo juu yapate kwa maandishi, maana ya kwenye simu hayashikiki. Na mkataba wa kwanza uwe wa mwezi mmoja mmoja, uanze Julai, ili ukiona mambo hayaendi uwe na muda wa kuhama kabla maghala hayajafunguliwa Oktoba.